Vikande wa ngozi ya msasa: rangi zinanichanganya, nitazame nini?

Mwalimu_Langata:

Habari za jioni wadau. Naandaa kadi za kutambulisha samaki kwa wanafunzi wa sekondari hapa Nairobi watakaoenda Watamu likizo ya Agosti. Kundi lililonikwamisha ni vikande wa jamii ya Monacanthidae, wale wenye ngozi ya msasa na mwiba mmoja unaoonekana juu ya jicho. Kikande wa magamba, yule wa Balistidae, hanisumbui: ana miiba mitatu mgongoni na kila gamba lake unaliona kwa macho. Hawa wengine ndio tatizo. Picha ileile mtandaoni hapa inaitwa hivi, pale inaitwa vile, na sokoni wote wanauzwa kwa jina moja, kikande.

Nina mafumbo matatu:

1. Samaki mdogo, mweupe, mwenye mikanda minne myeusi mgongoni. Wengine wanasema ni *Paraluteres prionurus*, wengine *Canthigaster valentini*, yaani bunju mdogo.

2. Kikande wa kahawia na kijivu mwenye mistari ya wima upande wa mkiani. Ni *Cantherhines dumerilii* au *Amanses scopas*? Na *Cantherhines pardalis* anaingia wapi hapo?

3. Wawili wa friza kutoka City Market, warefu na wembamba, mmoja sm 48, mwingine sm 55. Wamepauka kabisa. Jenasi naijua, ni *Aluterus*, lakini ni *scriptus* au *monoceros*?

Ninazo rula, lenzi ya mkono na simu yenye kamera nzuri. Maabara sina. Nianzie wapi?

Mwamba_wa_Kisite:

Mwalimu, habari za kazi. Kwa jamii hii rangi iweke mwisho kabisa. Vikande hawa wakiwa hai hubadili rangi mbele ya macho yako, usiku huwa na sura nyingine, na wakishakufa rangi huondoka. Mwiba, mapezi na shina la mkia (ile sehemu nyembamba kabla ya mkia) havibadiliki hivyo. Ukimshika samaki, au ukifungua picha, uliza kwanza mwiba wa mgongo umeota wapi. Halafu tazama pezi laini la mgongoni, yaani lile lisilo na mwiba, na lile la chini, lililo nyuma ya tundu la haja, yana urefu gani. Kisha shina la mkia lina nini juu yake, na mkia wenyewe umekatwaje. Rangi ije kuthibitisha tu.

Fumbo lako la kwanza ndilo lenye uzito, maana mmoja ana sumu na mwingine hana. *Canthigaster valentini* ni bunju, mwenye tetrodotoksini, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Samaki wawindaji wanamwogopa. *Paraluteres* ni kikande anayejikinga kwa kumwiga bunju huyo. Wote wawili hukomea sm 11 hivi, wote wana mikanda minne, na kwa wote miwili ya katikati hushuka ubavuni ikichongoka kuelekea tumboni. Wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na mara nyingi utawakuta wakiogelea pamoja. Ukibaki kulinganisha mikanda utakesha.

Nenda kwenye mapezi. Pezi la mgongoni la bunju ni fupi, limekaa nyuma kabisa, na la chini limekaa karibu mkabala nalo. Kila moja lina vijiti 9 hivi, yaani vile vifito vyembamba vinavyolishikilia pezi. Kwa *Paraluteres* pezi laini la mgongoni lina vijiti 25 hadi 28 na la chini 22 hadi 25, kwa hiyo yote mawili ni marefu, yanafuata mwili hadi karibu na shina la mkia. Kikwazo ni kwamba yanapitisha mwanga na kwenye picha yanapotea. Fungua picha kwenye simu, punguza mwangaza, ongeza utofauti wa giza na nuru, kisha kuza ile sehemu ya mgongo iliyo juu ya mkanda wa tatu na wa nne. Ukiona ukingo mrefu wa vijiti vyembamba sana vilivyosimama karibu karibu, huyo ni kikande. Ukiona pezi dogo tu lenye kitako chembamba, huyo ni bunju.

Wanafunzi wakiwa majini na miwani, wafundishe kutazama mwendo. Mapezi ya kikande hupitisha wimbi kutoka mbele hadi nyuma, juu na chini kwa wakati mmoja, na mwili umetulia. Bunju hupiga mapezi ya ubavuni kwa kasi, huku lile dogo la mgongoni likipepea kushoto na kulia.

Kuhusu mwiba: ukiuona umesimama juu ya jicho, kesi imekwisha, ni *Paraluteres*. Usipouona hujathibitisha kitu, kwa sababu akitulia huulaza mgongoni, na mweusi juu ya mweusi huwezi kuuona. Watu wengi hukosea hapo. Wanaandika "hana mwiba, basi ni bunju."

Jambo jingine ambalo kadi nyingi huliacha. Mtoto wa chewa aina ya *Plectropomus laevis* naye huvaa mikanda ileile kumwiga bunju huyohuyo. Huyo mtambue kwa mapezi mawili ya tumboni. Bunju hana mapezi ya tumboni, na kikande pia hana. Mdomo wa chewa nao ni mpana, umepasuka kuelekea nyuma, wakati wa hao wawili ni tundu dogo mbele ya uso.

Fundi_wa_Vielelezo:

Naunga mkono hayo yote. Acha nichukue fumbo la pili.

Mistari ya wima haikusaidii kitu. *Amanses scopas* anaweza kuwa na mistari myembamba hadi 12, na *Cantherhines dumerilii* naye ana kama 12 upande wa nyuma. Ukihesabu mistari umepoteza muda. Geuza macho kwenye shina la mkia, yaani ile sehemu nyembamba kati ya mwisho wa mapezi na mwanzo wa mkia, na sehemu ya ubavu iliyo mbele yake kidogo.

*C. dumerilii* mzima ana miiba minne kila upande, jozi mbili, mifupi, minene, iliyopinda, na imeota juu ya shina lenyewe. Dume na jike wote wanayo, ila ya dume ni mikubwa na ina rangi ya machungwa. *Amanses* ni tofauti kabisa: dume ana fungu la miiba mirefu kama sindano, mitano au sita, iliyolala kuelekea nyuma, na fungu hilo limeota ubavuni kabla ya kufika kwenye shina. Jike hana sindano, badala yake ana kichaka cha nywele ngumu zilizosimama pale pale. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna miiba. Uliza imeota wapi, na ni mifupi au mirefu.

Mambo yanayopotosha:

Picha iliyopigwa chini ya maji bila taa. Kadiri unavyoshuka, rangi nyekundu na ya machungwa ndizo zinazofifia mwanzo, na miiba ya *dumerilii* huonekana kahawia au nyeusi. Mtu akisema "si dumerilii kwa sababu hakuna rangi ya machungwa," muulize picha ilipigwa kina gani na kama taa iliwaka.

Samaki mchanga. Miiba ya shina hutokeza samaki akikua, kwa hiyo kwa *dumerilii* mdogo usitarajie kuiona. Huyo anaweza kuwa na madoa meupe mwilini, na ndiye anayechanganywa na wengine. Ukikutana naye andika "*Cantherhines*, mchanga" na uishie hapo. Jina nusu lililo sahihi linamfaa mwanafunzi kuliko jina kamili la kubahatisha.

Sasa *C. pardalis*. Huyu hana ile miiba minne. Alama yake ni doa jeupe dogo juu ya shina la mkia, pale pezi laini la mgongoni linapoishia. Wakati mwingine kuna jingine dogo zaidi upande wa chini, mwisho wa pezi la chini. Mwili wake unaweza kuwa na mtandao wa vyumba vidogo vidogo, unaweza kuwa wa mabaka, unaweza kuwa kahawia mtupu, na samaki ni yuleyule. Tafuta doa. Ukubwa nao unasaidia kidogo: *pardalis* hufika sm 25 hivi, *dumerilii* sm 38, *Amanses* sm 20. Kwa hiyo kikande wa namna hii mwenye sm 30 si *Amanses* wala *pardalis*. Kwa mdogo kipimo hakisemi lolote.

Chunga pia picha za mtandaoni zilizopigwa Hawaii. Kule kuna *Cantherhines sandwichiensis*, ambaye huchanganywa na *pardalis*. Kwa kadi za Watamu tumia picha za Bahari ya Hindi tu.

Kijana_wa_Tangi:

Wakuu, kwa nini tusihesabu vijiti vya mapezi kwa wote tumalize? Namba haibishani.

Fundi_wa_Vielelezo:

Namba inabishana sana, ndugu yangu. Kuhesabu kunatoa jibu pale tu ambapo namba za aina mbili hazigusani. Kwa *Paraluteres* na bunju, 25 na 9 ziko mbali, hata ukikosea viwili vitatu jibu halibadiliki. Lakini *C. dumerilii* ana vijiti 34 hadi 39 mgongoni na *pardalis* 32 hadi 36. Ukipata 35 umerudi mwanzo. Kwa *Aluterus* ni vibaya zaidi: *scriptus* 43 hadi 49, *monoceros* 45 hadi 51. Pezi la chini ni 46 hadi 52 dhidi ya 47 hadi 53. Utahesabu nusu saa juu ya samaki aliyeganda na mwishowe hujui zaidi ya ulivyojua.

Palipo na haja ya kuhesabu, fanya hivi. Mlaze samaki juu ya kifuniko cha boksi jeupe la povu, tandaza pezi, ulishike kwa pini nyembamba mbele na nyuma. Washa tochi ya simu nyingine nyuma ya pezi. Vijiti vya mapezi haya kwa Monacanthidae havigawanyiki kwenye ncha, jambo linalorahisisha kazi, na ni tofauti nyingine na kikande wa magamba ambaye vyake hugawanyika. Hesabu kwenye kitako, ukigusa kila kijiti kwa ncha ya pini, kwanza kutoka mbele, halafu kutoka nyuma. Namba mbili zisipolingana piga picha, ikuze, uhesabu juu ya picha. Kijiti cha kwanza na cha mwisho ni vidogo, na ndivyo vinavyorukwa.

Samaki_Mjini:

Mwalimu, kwa wale wawili wa friza.

Wayeyushe taratibu. Waweke ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya beseni la maji baridi. Maji ya moto yanaachanisha ngozi na nyama, na mapezi yanachanika ukiyagusa. Wakishalainika, mwingize mmoja mmoja kwenye beseni pana la maji, umshike kichwa, mkia ujifungue wenyewe ndani ya maji. Ukiufungua ukiwa mkavu utauvunja.

*Aluterus scriptus* ana mkia mrefu sana, ncha yake ya mviringo. Ukifungwa unaonekana kama umechongoka, na ndiyo maana nasisitiza maji. *A. monoceros* mkia wake ni mfupi, ukingo umekatwa wima au umeingia ndani kidogo katikati. Kisha mlaze ubavu juu ya karatasi nyeupe, chora kwa penseli mstari wa uso kutoka mdomoni hadi chini ya mwiba. Kwa *scriptus* mstari huo umebonyea kidogo. Kwa *monoceros* mzima umebinuka kwa nje. Mchoro wa penseli unaonyesha jambo hili wazi kuliko picha, kwa sababu jicho halivutwi na ngozi.

Rangi: ile mistari na madoa ya buluu ya *scriptus* ni ya akiwa hai. Kwenye samaki wa barafu mara nyingine vidoa vyeusi vidogo hubaki, vitafute kichwani na ubavuni kwa lenzi. Ukiviona ni ushahidi mzuri. Usipoviona endelea na mkia na uso. Mwiba usikupe shaka: kwa wote wawili ni mwembamba, na safarini kutoka Pwani mara nyingi unakatika. Pale juu ya jicho utakuta kisiki tu.

Ukubwa haukusaidii hapa. *Monoceros* hufika sm 76 na *scriptus* hupita mita moja, kwa hiyo sm 48 na sm 55 zinawafaa wote.

Na tafadhali, kama kuna anayefikiria kumla baada ya somo: matumbo ya *scriptus* yamewahi kukutwa na palitoksini, sumu kali inayotoka kwa viumbe anaowala miambani. Matumbo yasiliwe, wala wasipewe paka au kuku.

Mwalimu_Langata:

Asanteni sana. Wa sm 48 nimemaliza: mkia mfupi, ukingo wima, uso umebinuka. *Monoceros*. Wa sm 55 mkia wake umenyofoka ncha, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Uso unaonekana umebonyea, lakini kidogo sana.

Picha za mikanda minne nimezipitia upya. Kati ya kumi na moja, nane ni bunju wazi. Mbili nimehesabu vijiti zaidi ya ishirini mgongoni. Moja haisomeki.

Samaki_Mjini:

Kwa mkia ulionyofoka, acha urefu, linganisha vijiti. Kwa *monoceros* vijiti vya juu na vya chini ni sawa na vya katikati au vimevizidi. Kwa *scriptus* vya katikati ndivyo virefu. Tazama unene kwa lenzi. Kijiti kizima huendelea kuwa chembamba kuelekea ncha, kilichovunjika kimekatika ghafla kikiwa bado kinene. Kama vya katikati vimekatika vikiwa vinene na tayari vimevipita vile vya pembeni vilivyo vizima, mkia huo ulikuwa mrefu katikati. Huyo ni *scriptus*.

Mwalimu_Langata:

Vya pembeni viwili ni vizima na vifupi. Vya katikati vimevipita na vimekatika vinene. Na nyuma ya jicho nimepata vidoa vyeusi vitatu.

Samaki_Mjini:

*Scriptus*, bila shaka.

Mwamba_wa_Kisite:

Kazi nzuri mwalimu. Ile moja isiyosomeka usiilazimishe, iondoe kwenye kadi.

Nikumbushe pia kwamba ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Watamu (Marine National Park) hakuna kuvua wala kutoa kiumbe chochote, kwa hiyo kule wanafunzi watumie macho na kamera peke yake. Wapige ubavu mzima, kamera iwe usawa wa samaki. Picha ya kutoka juu inaficha shina la mkia na pezi la chini, yaani vitu viwili wanavyovihitaji zaidi. Wapige kadhaa mfululizo, kwa sababu mwiba husimama na kulala, na picha moja kati ya hizo inaweza kuunasa.

Fundi_wa_Vielelezo:

Nyongeza kwa samaki yeyote wa friza. Ukitaka mwiba usimame kwa ajili ya picha, uinue taratibu kwa ncha ya pini kutoka nyuma. *Cantherhines* ana mfereji mrefu mgongoni ambamo mwiba hulala ukazama wote, na mtu asiyejua huandika kwamba haupo. Ukishasimama hukaza, kwa kuwa nyuma yake kuna mwiba wa pili, mdogo mno, unaoufunga. Usiukandamize kwa nguvu, utavunjika kwenye kitako. Bonyeza hicho kidogo cha nyuma kwanza, mkubwa utalala wenyewe.

Ukitaka kumhifadhi mmoja kwa muda mrefu, kata kwanza kipande kidogo cha nyama ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95, halafu ndipo mwili uende kwenye fomalini, sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa tisa za maji. Ukianza na fomalini, kipimo cha vinasaba umekiharibu. Glavu, dirisha wazi, na wanafunzi wakae mbali na hatua hiyo. Sehemu ya samaki ya Makumbusho ya Kitaifa iko hapa hapa Nairobi, na kielelezo chenye tarehe, mahali kilipovuliwa na kipande cha nyama kina thamani kuliko samaki watatu wasio na maelezo.

Kijana_wa_Tangi:

Kabla hamjaondoka, kuna mwingine ananisumbua: kichwa kahawia, mkia wa rangi ya machungwa, sm 10 hivi, kutoka Shimoni. Wengine wanamwita *Pervagor melanocephalus*.

Fundi_wa_Vielelezo:

Huyo na mwenzake *Pervagor janthinosoma* walichanganywa kwa muda mrefu hata vitabuni. *Melanocephalus* ni wa upande wa mashariki, Pasifiki ya magharibi na ukingo wake. Wa pwani yetu ni *Pervagor janthinosoma*. Usiishie kwenye ramani lakini, kuza picha pale juu ya kitako cha pezi la ubavuni, penye mpasuo mfupi wa tamvua. *Janthinosoma* ana baka jeusi lililouzunguka mpasuo huo. *Melanocephalus* hana baka la pekee pale, giza lake limefunika kichwa chote na linageuka kuwa rangi ya machungwa mwilini. Baka likiwa limefifia, mwache atulie mahali penye mwanga umpige tena.